Mzee Asiye na Jina: Namna ya Kumsikiliza Msimulizi Asiyeaminika

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliokuja kwa sababu tu mnapenda hadithi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie hadithi fupi za kutisha, zile ambazo wahakiki huziita za kigothiki, na hasa zile zinazosimuliwa na mtu ambaye maneno yake hayawezi kupokelewa kama yalivyo. Ningeweza kupitia hadithi nyingi juu juu. Nimeamua kukaa na moja, kwa sababu hadithi za namna hii hazimpi kitu msomaji anayepita mbio. Ni hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe, aliyezaliwa Boston mwaka 1809 na kufariki Baltimore mwaka 1849. Kwa Kiingereza inaitwa "The Tell-Tale Heart". Mimi huiita "Moyo Uliotoboa Siri", na sehemu nitakazonukuu leo nimezitafsiri mwenyewe.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Mtu mmoja anaishi nyumba moja na mzee. Anasema anampenda. Mzee hajamkosea, hajamtukana, na dhahabu ya mzee haitamani. Lakini mzee ana jicho la samawati iliyopauka, lenye utando juu yake, jicho kama la tumbusi, na kila likimwangukia msimulizi damu yake inakuwa baridi. Anaamua kumuua mzee ili aondokane na jicho. Usiku saba mfululizo, saa sita, anaufungua mlango wa chumba cha mzee polepole mno, anaingiza kandili iliyofunikwa, anauachia mwali mmoja mwembamba uangukie jicho. Usiku wote huo jicho limefumbwa, na jicho likiwa limefumbwa hawezi kuitenda kazi yake. Usiku wa nane kidole gumba kinamteleza kwenye kandili. Mzee anashtuka na kuketi kitandani: "Nani hapo?" Saa nzima inapita, hakuna anayejongea. Kisha mwali unaangukia jicho likiwa wazi kabisa. Msimulizi anasikia moyo wa mzee ukidunda, kwa kasi na kwa sauti, hadi anaogopa jirani atausikia. Anamvamia, anamwangusha sakafuni, anamwangushia kitanda kizito. Anaukata mwili vipande, anang'oa mbao tatu za sakafu, anavificha chini yake. Saa kumi alfajiri askari polisi watatu wanabisha hodi, kwa sababu jirani amesikia ukelele. Anawakaribisha, anawazungusha nyumba nzima, anawaketisha katika chumba kile kile, na kiti chake anakiweka juu ya mbao zinazomfunika marehemu. Wanazungumza mambo ya kawaida. Halafu anaanza kusikia mlio. Mlio unakua, unakua, mpaka anashindwa kuvumilia na kupiga kelele: nakiri, ng'oeni mbao, ni hapa, hapa!

Hadithi nzima ni maneno 2,000 na kitu. Jarida la kwanza ambalo Poe alilipelekea, la huko Boston, liliikataa, na jibu likawa kwamba angekubali kuandika vitu vilivyo tulivu zaidi wangempokea. Ikatoka Januari 1843 katika toleo la kwanza la jarida jipya la The Pioneer, lililohaririwa na mshairi James Russell Lowell. Jarida hilo lilitoa matoleo matatu tu likafa. Hadithi haijafa.

Swali ambalo wanafunzi wangu huliuliza kwanza, kila mara, ni hili: huyu mtu ni mwendawazimu au si mwendawazimu? Darasa hugawanyika, sauti hupanda, na kipindi huisha. Nalipenda swali hilo, na silidharau, kwa sababu mwaka ule ule wa 1843 lilikuwa swali la uhai na kifo mahakamani. Tarehe 20 Januari, jijini London, Mskoti aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, na Drummond akafariki siku chache baadaye. M'Naghten aliamini kwamba chama kilichokuwa madarakani kinamwandama popote aendapo. Machi akaachiwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na Uingereza nzima ikachachamaa. Juni majaji wakatakiwa na Bunge la Malodi waeleze sheria inasemaje. Jibu lao ndilo lililokuja kuwa kipimo: wakati anatenda, je, mshtakiwa alikuwa na maradhi ya akili yaliyomfanya asijue anachofanya, au kama alijua, asijue kwamba ni kosa? Kipimo hicho kilisafiri pamoja na sheria za Waingereza hadi huku kwetu. Wanasheria mlio hapa mnakikuta katika kifungu cha 12 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya na kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kikiwa kimetanguliwa na kanuni kwamba kila mtu huhesabiwa kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Poe hakuijua kesi hiyo alipoandika; hadithi ilikuwa imekwisha kuchapwa. Lakini mabishano yenyewe aliyaishi. Mwaka 1835 daktari Mwingereza James Cowles Prichard alikuwa ameandika kwamba mtu anaweza kufikiri vizuri, kupanga vizuri, kuongea vizuri, na bado hisia zake na dhamiri yake zikawa gonjwa. Mwaka 1838 Mmarekani Isaac Ray akatoa kitabu kizima kuhusu wazimu na sheria, na wakili wa M'Naghten alikitegemea kitabu hicho hicho kumtetea mteja wake.

Sasa mweke msimulizi wetu katikati ya pande hizo mbili. Kwa kipimo cha majaji, amekwisha: alijua anachofanya, na kitendo cha kuficha mwili na kuwadanganya polisi kinaonyesha alijua ni kosa. Kwa Prichard, utaratibu wake wote haumsaidii kujithibitisha mzima, maana mgonjwa naye ana utaratibu. Na yeye mwenyewe anafanya jambo ambalo hakuna mshtakiwa mwenye wakili angelifanya. Wenzake wanatafuta kuonekana wagonjwa ili waokoke. Yeye yuko tayari kuonekana muuaji, mradi asionekane mwendawazimu.

Hapo ndipo swali la wanafunzi linapotufikisha, nalo haliendi mbele zaidi. Hata tukipiga kura leo tukasema ni mwendawazimu, hatujaisoma hadithi. Tumempa jina la ugonjwa tu. Swali ninaloliona kubwa zaidi ni hili: anaongea na nani, na anataka nini kwake?

Sikilizeni anavyoanza. "Kweli! Nilikuwa na wahaka, wahaka mkubwa mno, na bado ninao. Lakini kwa nini mnataka kusema nina wazimu?" Hadithi imeanza katikati ya mazungumzo. Kuna mtu amekwisha kusema kitu, sisi hatukusikia, na tunachosikia ni jibu. Huyo aliyesema ni nani? Daktari? Jaji? Mchungaji aliyekuja gerezani? Hatuambiwi. Kiti cha msikilizaji kimeachwa wazi, na kila anayefungua ukurasa huo anakikalia bila kutaka. Kisha anasema: "Sikilizeni, mwone kwa uzima gani, kwa utulivu gani, naweza kuwasimulia kisa chote."

Utulivu. Likumbukeni neno hilo tukifika kwa polisi. Askari watatu wameingia usiku wa manane kwa sababu ya ukelele. Anawaambia nini? Kwamba ukelele ulikuwa wake mwenyewe, aliota ndoto mbaya. Kwamba mzee hayupo, amekwenda shamba. Anawaonyesha mali ya mzee ikiwa salama. Anawaletea viti. Na anatuambia, kwa fahari, kwamba askari waliridhika, kwamba namna yake ya kuongea iliwashawishi, kwamba alikuwa ametulia kuliko kawaida.

Ndugu zangu, hiki ndicho kipande ninachokiona kuwa ufunguo wa hadithi yote. Poe ametuonyesha, kwa mdomo wa msimulizi mwenyewe, jinsi anavyowalaghai wasikilizaji. Njia yake ni utulivu, ukarimu, na maelezo yaliyopangika. Na njia hiyo ndiyo anayoitumia kwetu tangu sentensi za mwanzo. Askari ni sisi. Tofauti ni kwamba askari wameketi karibu na mbao zile bila kujua, na sisi tunajua, na bado tunajikuta tukivutwa na ustadi wake. Anasema mngecheka kuona nilivyoingiza kichwa kwa werevu. Na kweli msomaji anashikwa, anavuta pumzi, anataka mlango usilie. Kwa dakika chache tumekuwa upande wa mwenye kandili. Hilo Poe alilikusudia. Mei 1842, miezi michache kabla ya hadithi hii kutoka, alikuwa ameandika katika uhakiki wake wa hadithi za Nathaniel Hawthorne kwamba katika hadithi fupi pasiwe na neno hata moja lisilolenga athari ambayo mwandishi ameipanga tangu mwanzo. Mwandishi anayeamini hivyo hakuweka tukio la polisi kwa ajili ya kumalizia tu.

Niseme kidogo kuhusu istilahi, kisha niiache. Jina hili la msimulizi asiyeaminika lilianzishwa na mhakiki Mmarekani Wayne Booth mwaka 1961. Jambo lenyewe ni la kale zaidi. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kigothiki, ya Horace Walpole ya mwaka 1764, ilitolewa ikidai kuwa tafsiri ya maandishi ya kale ya Kiitaliano yaliyokutwa katika maktaba ya familia moja huko kaskazini mwa Uingereza. Haikuwa kweli, mwaka uliofuata Walpole akakiri kuwa ni yake. Kwa hiyo utanzu huu ulizaliwa ukiwa na ushuhuda wa kutiliwa shaka, na majumba ya giza, mashimo na mifupa vikaja pamoja nao. Poe aliyachukua majumba yale yote akayabana ndani ya chumba kimoja cha kulala.

Baada ya Booth alikuja James Phelan, ambaye kwangu ndiye anayesaidia zaidi darasani. Anasema msimulizi anaweza kukosea katika mambo matatu tofauti: katika matukio yaliyotokea, katika kuelewa maana ya matukio hayo, na katika kuyahukumu kuwa mema au mabaya. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa katika moja na kupotoka kabisa katika lingine. Naomba walimu walishike hili, kwa sababu kosa la kawaida katika insha za wanafunzi ni kusema msimulizi haaminiki, basi kila asemalo ni uongo, na hapo uhakiki unakufa. Shahidi wa namna hii hatupwi wote. Anachambuliwa sentensi kwa sentensi, kama mpishi anavyochambua mchele kwenye ungo, mawe upande mmoja na punje upande mwingine.

Tuchambue basi. Mbao tatu? Naamini. Saa kumi alfajiri? Naamini. Katika hesabu za namna hiyo yuko makini hadi inatisha. Sababu ya mauaji? Hapo yule mtu aliyesikia, kwa maneno yake, mambo yote ya mbinguni na ya duniani na mengi ya jehanamu, ghafla anasitasita. Haiwezekani, anasema, kueleza wazo liliingiaje kichwani mwangu mara ya kwanza. Na kisha: "Nadhani lilikuwa jicho lake! Naam, ni hilo!" Anadhani. Muda alioutumia kuingiza kichwa mlangoni anaujua, ilikuwa saa nzima. Kwa nini alimuua mtu aliyesema anampenda, hilo analichagua palepale mbele yetu, analijaribu mdomoni, kisha analikubali. Baada ya hapo halitilii shaka tena, na wasomaji wengi nao hawalitilii shaka tena.

Sasa naomba tukae kidogo katika ile saa moja ya giza, usiku wa nane. Mzee ameketi kitandani. Msimulizi amesimama mlangoni. Dirisha limefungwa kwa makomeo kwa sababu mzee anaogopa wezi, kwa hiyo chumba ni cheusi ti. Mzee anatoa mguno mdogo. Na msimulizi anasema kuwa anaujua mguno huo. Si mguno wa maumivu wala wa huzuni, ni sauti ya chini inayotoka kwenye kina cha roho iliyozidiwa na hofu. Anaujua kwa sababu usiku mwingi, saa sita kamili, dunia nzima ikiwa imelala, sauti hiyo hiyo imepanda kutoka kifuani mwake mwenyewe.

Kisha anatueleza mzee anawaza nini. Anajiambia ni upepo tu kwenye dohani. Ni panya tu anakatiza sakafu. Ni nyenje tu amelia mara moja. Swali rahisi kabisa: amejuaje? Hawaonani. Hawajasemezana. Hakuna njia yoyote ya kuyajua mawazo hayo. Kwa kipimo cha matukio, hapa ndipo anapotunga zaidi kuliko mahali pengine popote. Lakini kwa sababu anatunga, na malighafi ya kutungia hana isipokuwa nafsi yake, hapa ndipo anapotuambia ukweli mwingi zaidi kujihusu. Ni yeye aliyeketi usiku mwingi akijiambia ni upepo, ni panya. Anasema alimwonea mzee huruma, ingawa moyoni alikuwa anacheka. Maneno hayo mawili yamewekwa ndani ya sentensi moja na hakuna linaloliondoa jingine. Mimi huwaomba wanafunzi wasikimbilie kuchagua mojawapo. Mtu anaweza kuijua hofu ya mwenzake kwa undani wote, kwa kuwa ni hofu yake mwenyewe, na kuijua huko kusimzuie kuinua mkono.

Kuhusu mlio nitapita haraka, maana ndipo kila mtu huanzia. Mlio wa mwisho, mbele ya polisi, ni wa nini? Wapo wanaosema ni mzimu, moyo wa maiti umeendelea kudunda, na hadithi ya kigothiki inawaruhusu kusema hivyo. Wapo waliotaja wadudu wanaotoboa mbao, wale wanaogonga ukutani usiku na ambao Ulaya waliaminiwa kuashiria kifo. Na kweli msimulizi anawataja, anasema amezoea kuwasikiliza usiku baada ya usiku. Mimi naona ni moyo wake mwenyewe. Mara zote mbili, chumbani kwa mzee na mbele ya polisi, anaueleza mlio kwa maneno yale yale: mlio wa chini, mzito, wa haraka, kama wa saa iliyofungwa ndani ya pamba. Mara zote mbili unaongezeka kadiri yeye anavyopandwa na ghadhabu au hofu. Mara ya pili unatanguliwa na maumivu ya kichwa na mvumo masikioni. Anayebisha anaruhusiwa kubisha, ila aeleze ni kwa nini maneno yamerudiwa.

Lakini lililonifanya nichague hadithi hii kwa ajili ya leo ni jicho.

Msimulizi analiita jicho baya. Sisi wa huku hatuhitaji maelezo ya jambo hilo. Kuna watu ambao jicho lao linaogopwa, kuna hirizi za watoto dhidi ya kijicho, kuna mambo ambayo bibi zetu walituambia tusiyasifu hadharani. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaweza kuikubali sababu ya msimulizi upesi kuliko msomaji wa Boston, na hapo ndipo penye hatari. Rudini kwenye maelezo: rangi iliyopauka, utando juu yake. Daktari wa macho angesikia maneno hayo angefikiria mtoto wa jicho, au kovu la ugonjwa wa zamani. Yaani tunaloonyeshwa ni jicho la mtu mzima aliyezeeka na anayepoteza nuru. Huenda mzee hakuwa hata anamwona vizuri huyo aliyekuwa akitetemeka kwa kutazamwa naye.

Na sasa fikirieni Usukumani. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kitu kilichotajwa mara nyingi kuwa ushahidi ni macho mekundu. Macho yaliyokuwa mekundu kwa sababu mama huyo amepuliza moto maisha yake yote, kuni na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na pa kutokea moshi. Upande wa Kilifi, nchini Kenya, wazee wameandamwa kwa sababu ya mvi. Waliowaua nao walikuwa na simulizi. Lilikuwa na mwanzo, lilikuwa na sababu, na liliwatosheleza wasikilizaji wao. Mtu alisimama mbele ya wenzake akasema, kwa utulivu, yule bibi ana jicho. Na watu wakakalia kiti cha msikilizaji, wakaridhika kama wale askari watatu.

Siwezi kuifundisha hadithi hii tena bila kuwafikiria hao. Poe hakuandika kuhusu Usukuma, na simlazimishi. Alichoandika ni jinsi mtu anavyokichukua kiungo kimoja cha mwili wa mzee, akakikuza mpaka mzee mwenyewe akapotea nyuma yake, kisha akasema sikuwa na ugomvi na mzee, nilikuwa na ugomvi na jicho. Anasema hivyo kwa maneno yanayokaribia hayo hayo: si mzee aliyenisumbua, ni jicho lake baya.

Ndiyo maana nasema kumsoma msimulizi asiyeaminika ni, kabla ya yote, kumtafuta yule ambaye simulizi limemfunika. Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Mzee hayupo kujieleza, na aliyemuua ndiye pekee anayetuambia alivyokuwa. Sasa tufanye kazi ya kuokota. Tunajua nini kumhusu mzee huyu, tukiweka kando jicho? Aliogopa wezi. Alikuwa na mali kidogo aliyoitunza. Alikuwa na usingizi mwepesi. Aliuliza "Nani hapo?" akakosa jibu, na akakaa macho saa nzima. Alilia mara moja tu, na ukelele ule mmoja ulitoka nje ya nyumba, ukamfikia jirani, ukawaleta polisi. Katika hadithi iliyojaa sauti ambazo hatujui kama zilikuwepo, ukelele wa mzee ndio sauti pekee iliyosikiwa na mtu mwingine zaidi ya msimulizi. Na msimulizi alipoulizwa kuuhusu, alisema ulikuwa wake.

Kuna jingine dogo ambalo wengi huliruka. Kila asubuhi, baada ya kumchungulia mzee usiku, msimulizi aliingia chumbani bila woga, akamsalimu kwa uchangamfu, akamuuliza amelalaje, akamwita kwa jina lake. Anatuambia hivyo yeye mwenyewe: nilimwita kwa jina. Jina gani? Halitaji. Hadithi inaanza na kwisha bila sisi kulisikia. Wala hatuambiwi mzee ni nani kwake, kama ni baba, mjomba, bwana mwenye nyumba au tajiri aliyemwajiri. Uhusiano wote umefutwa na jicho limebaki. Ukimwuliza mwanafunzi mhusika wa pili anaitwa nani, atasema "mzee", na hataona kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Kwa sababu hiyo nayapinga, kwa heshima, maelezo ya wale wanaosema hakukuwa na mzee kabisa, kwamba mzee na msimulizi ni mtu mmoja, kwamba yote ni ndoto ya mtu anayeichukia nafsi yake. Najua yanavyovutia. Yana werevu, na ile habari ya mguno ulio sawa yanaitumia vizuri. Lakini tazameni yanakotupeleka. Msimulizi alimficha mzee chini ya sakafu. Mhakiki huyu anamwondoa hata chini ya sakafu. Ukelele anaurudisha kwa msimulizi, kama msimulizi alivyowaambia polisi. Maelezo yoyote yanayoishia kukubaliana na uongo aliosema muuaji kwa polisi mimi nayaogopa.

Na toba? Mtaniuliza, maana hadithi inaishia kwa kukiri. Isomeni tena kurasa zile za mwisho. Hakuna mahali anaposema amesikitika. Hamwombi mzee radhi. Wanaolaumiwa ni polisi, anawaita waovu, anadai wanasikia na wanajifanya hawasikii, wanamkejeli. Anakiri ili mlio ukome. Wala baada ya kukiri hajatulia, maana sentensi ya kwanza ya hadithi inatoka baada ya hayo yote, na bado anabishana: kwa nini mnasema nina wazimu? Bado anataka aliye kitini amkubalie. Sioni sababu ya kumpa anachokitaka, na sioni pia sababu ya kumcheka. Yule mtu wa saa sita za usiku, anayeguna peke yake gizani, naye alistahili mtu wa kumsikiliza mapema, kabla hajaliona jicho.

Kikao kijacho, waandaaji wakikubali, napendekeza tusome hadithi nyingine ya Poe ya mwaka huo huo wa 1843, "The Black Cat". Msimulizi wake ameketi gerezani, kesho atakufa, na anaanza kwa kusema hatarajii wala haombi kuaminiwa. Mlinganishe na huyu anayeomba kuaminiwa kwa kila pumzi. Na mkiisoma, angalieni nani amepewa jina. Paka analo, anaitwa Pluto. Mke, ambaye anauawa kwa shoka na kuzibwa ukutani, hana. Njooni na maelezo yenu.

Sasa nipokee maswali. Ningependa tuanze na wale wasiokubaliana nami kuhusu mlio.